Mtwa Mkwawa (takribani 1855–1898): Kwa Nini Alishinda Lugalo Akashindwa Kalenga?

Mtahiniwa, jina la Mkwawa umelisikia tangu shule ya msingi. Hatari yake ni hii: unaweza kudhani unamfahamu, ukampitia haraka. Likija swali kuhusu Waafrika waliopinga utawala wa Wajerumani, wengi huandika kwamba walishindwa kwa sababu wakoloni walikuwa na silaha bora, kisha wakaweka nukta. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Soma maisha haya ukijiuliza: kama silaha ndizo zilizoamua kila kitu, mbona Wajerumani walipigwa vibaya mwaka 1891 wakiwa na bunduki na mizinga?

Kama unasoma Mlandege, Iringa mjini, historia hii imekuzunguka. Kalenga iko umbali wa takribani kilomita 15 upande wa magharibi. Lugalo iko upande wa mashariki, kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro. Jina Iringa lenyewe limetokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome.

Kurithi utawala

Mkwawa, yaani Mkwavinyika, alikuwa mtoto wa Munyigumba, mtawala wa ukoo wa Muyinga aliyeunganisha koo nyingi ndogo kuwa dola moja ya Wahehe. Munyigumba alipofariki mwaka 1879 ulizuka ugomvi wa kurithi kiti. Mwambambe alitwaa madaraka, na Mkwawa akakimbilia Ugogo. Baadaye alirudi, akamshinda mpinzani wake na kutawala. Aliendeleza jeshi la baba yake, akapigana na Wangoni na Wasangu, na akatoza hongo misafara ya biashara iliyopita katika nchi yake. Hapo ndipo maslahi yake yalipogongana na ya Wajerumani, waliotaka njia za misafara ziwe chini yao.

Lugalo, 17 Agosti 1891

Kikosi cha Wajerumani kiliongozwa na Emil von Zelewski. Mkumbuke: ndiye aliyekuwa Pangani mwaka 1888, na vitendo vyake huko vilichochea vita vya Abushiri. Alikuja Uhehe na askari zaidi ya 300, wengi wao Wasudani, pamoja na wapagazi. Walitembea kwa mstari mrefu katika njia nyembamba, na silaha nzito zikiwa zimefungwa migongoni mwa punda. Wapiganaji wa Mkwawa, wengi wao wakiwa na mikuki, walijificha vichakani. Waliposhambulia, mapambano ya karibu yalikwisha kwa muda mfupi. Zelewski aliuawa pamoja na Wajerumani wengine na sehemu kubwa ya askari wake, na Wahehe wakateka bunduki nyingi.

Zingatia: silaha bora hazikumsaidia Zelewski kwa sababu hakupata nafasi ya kuzitumia. Mkwawa ndiye aliyechagua mahali, wakati na namna ya kupigana.

Kalenga, Oktoba 1894

Kwa miaka mitatu Wajerumani walijiandaa. Mkwawa naye aliitegemea ngome yake ya Kalenga, iliyozungushiwa ukuta wa mawe. Ukuta huo ulifaa dhidi ya maadui wenye mikuki. Dhidi ya mizinga, uliwakusanya wapiganaji wake mahali pamoja, mbele ya adui aliyekuwa na muda wa kulenga. Jeshi la Gavana von Schele lilipiga ngome kwa mizinga, na tarehe 30 Oktoba likaivunja na kuingia ndani. Safari hii Wajerumani ndio waliochagua namna ya kupigana. Mkwawa alitoroka.

Miaka minne ya vita vya msituni

Mkwawa hakusalimu amri. Aliendesha vita vya kuvizia, akihamahama huku watu wakimficha na kumpa chakula. Mwaka 1896 Wajerumani, chini ya Tom von Prince, walijenga boma ambalo ndilo chanzo cha mji wa Iringa wa leo. Walimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa mtawala, lakini mwaka 1897 wakamnyonga wakimshuku kuwa anamsaidia nduguye. Merere wa Usangu, hasimu wa Wahehe tangu zamani, alishirikiana na Wajerumani. Mashamba yaliharibiwa, njaa ikaingia, na zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa.

Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Baada ya kifo

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza. Lilirudi mwaka 1954 tu, Gavana Twining alipolikabidhi kwa Wahehe. Limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Aliyelipokea, Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Namna ya kujibu

Usisimulie maisha yote. Kila hoja iwe na sababu, tukio na matokeo. Kwa kushindwa kwa Mkwawa taja silaha, lakini ongeza kubadilika kwa mbinu, uhasama kati ya jamii za Kiafrika, njaa na ukosefu wa washirika. Mtahiniwa anayelinganisha Lugalo na Kalenga anaonyesha kuwa ameelewa, hakukariri tu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza sababu nne za ushindi wa Wahehe Lugalo.
2. Silaha duni hazikuwa sababu pekee ya kushindwa kwa Mkwawa. Jadili kwa hoja tano.
3. Linganisha vita vya Mkwawa na vya Abushiri kwa kuzingatia chanzo na matokeo.