Panda Farnana: diplome ya Bulaya na kazi ya daraja la tatu

Paul Panda Farnana alizaliwa 1888 kule Nzemba, karibu na Moanda. Mwaka 1900 ofisa mumoja Mubeleji akamupeleka Bulaya, na mutoto akasoma kweli. Mwaka 1907 akamaliza shule ya kilimo ya Vilvoorde na distinction, kisha akaongeza masomo ya mimea ya inchi za joto kule Nogent-sur-Marne, Ufaransa.

Sisi wenye kuchanga mushahara wa mugodi ili watoto wasome inje, tuangalie kazi yake ya kwanza. Mwaka 1909 koloni ikamuandika ku bustani ya Eala, karibu na Mbandaka ya leo: mukubwa wa kilimo, daraja la tatu.

Lakini Bulaya ilimupa kitu kingine. Vita ya 1914 ikamukuta kule; akakamatwa pa Namur, akafungwa Udachi miaka mine. Aliporudi akaunda Union congolaise, 1919, chama cha kusaidiana (kwetu sisi wa sendika, ni muzee wetu). Mwaka 1920, mbele ya wakubwa wa koloni kule Bruxelles, akadai Wakongomani wakuwe na sauti katika mambo ya inchi yao.

Mwaka 1929 akarudi Nzemba, akaanzisha shule na kiwanda cha mafuta ya ngazi. Akafa 1930.