Risto ya Daktari Williamson: Msee Aliyekataa Kurudi Kwao Mpaka Akapata Almasi

Kama umewahi kupanga keja jirani na ploti inayojengwa pale Mtopanga ama Mwandoni, ile kelele waijua. Fundi wa tiles ameinama, grinda iko mkononi, vumbi jeupe limemjaa mpaka kwa kope, na ule mlio unakata masikio kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi.

Juzi nikamuuliza fundi mmoja hapo Kisauni, hiyo diski yako imetengenezwa na nini? Maanake chuma cha kawaida kingeisha kabla hajamaliza choo kimoja. Akanionyesha ukingo wake, ile sehemu inayometameta kidogo ukiigeuza kwa jua. Akaniambia ni almasi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Diski ameinunua Kongowea, bei ya kawaida tu, na mimi najua almasi ni kitu cha pete za mastaa.

Nikaenda kusoma. Ndio nikapatana na msee anaitwa John Thoburn Williamson. Kama una watu wako Mwanza ama Shinyanga, waulize wazee, wanamjua kama Daktari Williamson. Hakuwa daktari wa sindano, alikuwa na PhD ya mawe. Na risto yake ni noma kushinda hizo series unalipia bando.

Jamaa alizaliwa tarehe 10 Februari 1907 huko Montfort, mkoa wa Quebec, Kanada. Akaingia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, na mpango wa kwanza ulikuwa sheria. Basi likizo moja ya kiangazi akaenda Labrador, kule baridi kabisa, pamoja na roommate wake kwenye safari ya watu wa jiolojia. Alirudi kichwa kimegeuka. Sheria akaitupa, akaanza kusoma mawe. Digrii ya kwanza 1928, ya pili 1930, PhD 1933.

Hapa niseme kitu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma, na sioni haya kuandika hivyo. Watu wetu hupenda kutupoza ati matajiri wote waliacha shule. Williamson hakuacha. Alibadilisha kozi, akamaliza tatu. Sitaki kuwauzia uongo hapa.

Miaka hiyo ya thelathini uchumi wa dunia ulikuwa umelala kabisa, kazi hakuna hata kwa wenye PhD. Akaja Afrika ya Kusini na profesa wake, kisha akapata kibarua cha jiolojia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kutoka hapo akapanda hadi Tanganyika, akaajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa inachimba almasi Mabuki, kusini ya Mwanza.

Shida ni kwamba Mabuki ilikuwa ya njaa. Almasi zilikuwepo lakini chache, na kampuni ikaamua kufunga virago. Mtu mwingine angebeba briefcase arudi home. Williamson aliwaambia wasitoke, hawakumsikiza, basi akabaki mwenyewe. Kufikia 1938 alikuwa anatafuta kivyake.

Kwa nini huyu msee alikuwa na uhakika hivyo? Hapa ndipo elimu yake ilipofanya kazi, na mimi ndipo nilipokwama nikisoma mpaka saa nane usiku.

Almasi ni kaboni tu. Kitu kile kile kiko kwa makaa ya jiko lako. Tofauti ni kwamba imefinywa zaidi ya kilomita 150 chini ya ardhi, kwa joto na presha ambayo hatuwezi hata kuifikiria. Inafikaje huku juu? Kitambo sana, kulitokea milipuko ya aina ya volkano iliyopanda kwa kasi kama soda uliyotikisa halafu ukafungua. Ikaacha bomba la mwamba limesimama wima ardhini, mwamba unaoitwa kimbalaiti, kutokana na jina la mji wa Kimberley.

Sasa, mwamba huo ukilika na mvua kwa mamilioni ya miaka, hausambazi almasi peke yake. Unasambaza pia vijiwe vingine vilivyotoka nao chini: garneti nyekundu, na ilmenaiti ambayo ni nyeusi. Hivyo haviuziki, mtoto angechezea tu. Lakini viko vingi kushinda almasi, kwa hivyo ukivifuata kinyumenyume, kutoka pale vimetawanyika hadi pale vimejaa, unafika kwa mlango wa bomba. Ni kama kufuata harufu ya viazi karai mpaka umfikie mama anayekaanga.

Vifaa vyake havikuwa vya ajabu. Chujio, majembe, maji ya kuoshea mchanga, lensi ya mkononi, na watu wa kuchimba mashimo ya kupima. Chimba, chuja, osha, hesabu, andika, songa mbele. Rudia. Kwa miaka. Doo ikaisha. Na malaria ya kule haiulizi kama una PhD.

Aliyemuokoa ni Mhindi mmoja wa Mwanza, wakili, Iqbal Chand Chopra. Huyu ndiye alimpiga jeki kwa pesa na makaratasi ya sheria wakati hakuna benki ingemwangalia mara mbili. Akapata hisa, na alistahili. Nashangaa mbona jina lake husahaulika kwa hizi risto. Kila mara ni Mzungu mmoja, jua kali, jangwa, bahati. Ukitoa Chopra na wale vijana wa Kisukuma waliokuwa wanachimba yale mashimo, Williamson anabaki na lensi yake tu.

Tarehe 6 Machi 1940, pale Mwadui, wilaya ya Shinyanga, mlango ukapatikana. Kuna hadithi mob kuhusu siku hiyo, nyingi zina mbuyu ndani yake, na sitakuapia hata moja. Lenye uhakika ni ukubwa wa kitu chenyewe. Bomba la Mwadui lina upana wa karibu hekta 146 juu ya ardhi. Kwa ukubwa wa juu, ni mojawapo ya mabomba makubwa kabisa ya almasi yaliyowahi kuchimbwa duniani. Mabuki pale kampuni ilipofunga hapakuwa mbali hata.

Angalia pia mwaka. 1940, dunia iko vitani. Almasi nyingi zinazotoka ardhini si za pete, ni chafu, za kahawia, zimepasuka. Hizo ndizo viwanda vinataka. Unachonga vipuri vya ndege kwa mashini, lakini ile mawe ya kunolea yenyewe yanahitaji kitu kigumu zaidi cha kuyanyoosha. Waya mwembamba wa redio unapitishwa kwa nguvu kwenye tundu dogo lililotobolewa ndani ya almasi, maanake tundu la chuma lingepanuka haraka na waya ungetoka mnene. Vita ilikula almasi za viwandani kama moto ukila makuti. Williamson aliketi juu ya ghala.

Kampuni ya Williamson Diamonds ikasajiliwa 1942. Mwanzoni vyombo vilikuwa vya kuokoteza kwa sababu ya vita, baadaye akajenga kiwanda cha ukweli na mji mzima: umeme, hospitali, shule, uwanja wa ndege.

Ujanja uliokuwa unanichekesha zaidi ni wa mafuta ya girisi. Unachukua mwamba uliosagwa, unauosha na maji juu ya meza iliyopakwa girisi nzito, meza inatikisika. Mawe ya kawaida hushika maji, yanateleza yanaenda zake. Almasi haipendi maji. Ikiguswa na girisi, inanasa kama nzi kwa asali. Mwisho wa siku unakwangua girisi, unachemsha, almasi inabaki. Mbinu hiyo iligunduliwa Kimberley miaka ya 1890 na ilitumika dunia nzima. Hakuna kompyuta, hakuna leza. Girisi.

Oktoba 1947 ikatokea ile kitu. Jiwe la pinki, karati 54.5, kama gramu 11 hivi, ambalo ungelificha kwa ngumi. Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alikuwa anaolewa Novemba hiyo hiyo. Williamson akampa zawadi. Likachongwa London likabaki karati 23.6, na mwaka wa 1953 Cartier wakaliweka katikati ya bruchi ya umbo la ua. Malkia alilivaa kwa miaka mingi mpaka akazeeka nalo.

Wengine wanasema Williamson alikuwa mkarimu. Mimi naona pia alikuwa mjanja. Wakati huo De Beers walikuwa wameshika soko la almasi la dunia kama makanga wa matatu za Likoni wanavyoshika stage: hupakii bila wao. Yeye hakupenda bei wala kiwango walichompangia. Kuna muda aligoma kabisa kuwauzia, akarundika almasi zake Mwadui, wakubwa wa London wakaanza kukosa usingizi. Mwishowe walielewana, lakini kwa masharti afadhali. Msee mmoja wa porini kukazana na De Beers, hiyo si mchezo.

Lakini tusimfanye malaika. Mwadui ilikuwa mji wa ukuta. Waya za senyenge, walinzi, upekuzi. Wazungu walikuwa na nyumba zao na klabu yao, Waafrika maelfu walikuwa na kambi zao, na mshahara haukufanana hata kwa bahati mbaya. Watu wa ardhi ile walipata hospitali na shule, ndio, ambazo sehemu zingine za Tanganyika hazikuwa nazo. Almasi zenyewe zilipanda ndege. Nani aliliona lile jiwe la pinki kwanza, mkono wa nani ulilitoa kwa mchanga, jina la mkono huo halivaliwi na malkia yeyote.

Yeye mwenyewe hakuoa. Wanaomkumbuka wanasimulia mtu mpole, mwenye haya, anayependa kukaa peke yake. Tajiri mkubwa kabisa na alikuwa anaishi pale pale kwa shimo lake. Saratani ya koo ikamshika, na Januari 1958 akafia Mwadui. Alikuwa na miaka 50 tu. Ndugu yake Percy alirithi hisa, na mwaka huo huo mgodi ukauzwa, nusu kwa De Beers, nusu kwa gava ya Tanganyika. Yaani wale aliokazana nao maisha yote walingoja tu. Gava ya Tanzania ina hisa pale hadi leo.

Sasa turudi kwa diski ya fundi wangu, maanake nilikuwa sijapata jibu.

Wakati Williamson bado yuko hai, tarehe 16 Desemba 1954, msee wa kemia anaitwa Tracy Hall, wa kampuni ya General Electric huko Marekani, alifungua mashini yake ya kufinya na kuona vitu vinametameta. Alikuwa amechukua kaboni, akaipiga joto la karibu nyuzi 2,000 na presha kama mara 100,000 ya hewa tunayopumua. Almasi ya kutengenezwa. Inasemekana kampuni ilimpa bonus ya hati ya akiba ya dola 10. Kumi! Akahepa mwaka uliofuata, akaenda kufundisha chuo kikuu.

Tangu hapo almasi za viwandani karibu zote hutoka kwa mashini, si kwa ardhi. Ndio zile ziko kwa diski ya tiles, kwa zile drili za kutoboa slabu kupitisha bomba la maji, hata kwa ile mashini ya daktari wa meno inayokufanya ujute peremende zote ulizokula.

Na maabara ndio zilichizi kabisa. Ukitaka kujua chuma ni kigumu kiasi gani, kuna mtambo unaitwa Vickers, wa miaka ya 1920: ncha ya almasi yenye umbo la piramidi inakandamizwa kwa chuma, halafu unaweka chini ya hadubini unapima alama iliyobaki. Alama ndogo, chuma kigumu. Kifaa rahisi, na bado kinatumika.

Halafu mwaka ule ule Williamson alipokufa, 1958, wanasayansi wa ofisi ya viwango ya gava ya Marekani, Washington, walitengeneza kitu kinakaa kwa kiganja. Almasi mbili, ncha kwa ncha, katikati unaweka punje ya kitu chochote, unakaza skrubu. Kwa sababu ncha ni ndogo mno, presha inakuwa ya kutisha, na kwa sababu almasi ni angavu, unachungulia ndani ukiona kinachoendelea. Siku hizi vifaa vya aina hiyo vinazidi presha ya katikati ya dunia. Almasi za kuanzia walizipata wapi? Zilikuwa zimeshikwa na watu wa forodha, mali ya magendo. Sisi wa karibu na bandari hiyo tunaielewa bila kuelezwa.

Fundi wangu alimaliza ile nyumba Alhamisi. Diski ilikuwa imekwisha, ukingo laini kama shilingi ya zamani, akaitupa kwa kifusi. Nimeiokota, iko hapa kando ya laptop. Ukiigeuza kwa taa bado kuna vidoti viwili vitatu vinang'aa.