Seyyid Khalid bin Barghash: Mateka Aliyecheleweshwa Kurudi

Kila familia yenye asili ya Unguja imepata kusikia habari za vita vya Agosti 27, 1896, vilivyokwisha kwa dakika zisizofika hamsini. Yanayosimuliwa kidogo ni yale yaliyompata Seyyid Khalid baada ya mizinga kunyamaza.

Mwana huyu wa Seyyid Barghash alizaliwa mwaka 1874. Alipofariki Seyyid Hamad bin Thuwaini, Agosti 25, 1896, Seyyid Khalid aliingia kasri la kifalme na kujitangaza mfalme bila ya ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye manowari zao zikalipiga kasri hilo. Watu wake kiasi cha 500 waliuawa au kujeruhiwa. Yeye akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani.

Waingereza walimtaka. Wajerumani wakakataa, kwa hoja kwamba mkataba wa kurudishana wahalifu haukuwahusu watu wa siasa. Askari wakawekwa nje wamkamate pindi atokapo. Oktoba 2, maji yalipojaa, mashua ya manowari Seeadler ilisogea mpaka ukingo wa bustani ya ubalozi. Akapanda bila ya kukanyaga nje, akapelekwa Dar es Salaam, na huko akapata hifadhi kwa karibu miaka ishirini.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipowang'oa Wajerumani, hifadhi ile ikaondoka nao. Waingereza wakamtia mkononi, wakampeleka kisiwa cha Saint Helena, alikofungwa Napoleon na walikowekwa maelfu ya mateka wa Makaburu.

Mkataba wa The Hague wa 1907 ulikwisha kueleza haki za mateka wa vita: atendewe kwa utu, alishwe na avishwe na serikali iliyomshika, na arejeshwe kwao upesi amani ikipatikana. Wajibu wake ni kutii sheria za jeshi lililomshika. Lakini Seyyid Khalid hakuwa askari. Kilichomponza ni kile kiti cha 1896.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Juni 1919, naye bado yuko uhamishoni. Baadaye akapelekwa Shelisheli, kisha akaruhusiwa kukaa Mombasa. Hapo akafariki mwaka 1927, jirani na Unguja lakini si kwao.

Askari aliyetekwa huwa na siku yake ya kurudi. Mfalme aliyeng'olewa, siku yake huwa mkononi mwa aliyemng'oa. Mwenyezi Mungu amrehemu.