Thomas Latta: Daktari wa dripu na nyanya aliyeachwa bila mwangalizi

Ule mfuko wa maji unaoning'inia kando ya kitanda pale Russia, Kisumu, au kwenye hospitali yoyote kutoka Ahero hadi Port Victoria, una mwenyewe. Jamaa anaitwa Thomas Latta, daktari wa Leith, mji wa bandari huko Scotland. Amekufa karibu miaka 200 sasa, lakini kisa chake kinatugusa sana sisi watu wa ziwa.

Latta alisomea udaktari Edinburgh, kisha akafanya kazi Leith. Hakuwa profesa wala staa. Mwaka wa 1832 kipindupindu kilikuwa kinamaliza watu huko, na madaktari wengi bado walikuwa wanawatoa wagonjwa damu. Yaani mtu ameharisha hadi amekauka, halafu bado unampunguzia!

Kijana mwingine, William O'Shaughnessy, hata miaka 25 hajafika, alikuwa amepima damu ya wagonjwa na kugundua imepoteza maji na chumvi nyingi. Akashauri virudishwe mwilini. Latta akasoma hayo akaamua kujaribu. Kwanza alipitisha maji kwa njia ya haja kubwa, haikusaidia. Ndipo akaingia kwa mshipa.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa nyanya mmoja ambaye kila dawa ilikuwa imeshindwa. Latta akamtia kijimrija kwenye mshipa wa mkono, akaanza kusukuma maji yenye chumvi na magadi, macho yote kwake. Mwanzoni, wapi! Baadaye pumzi ikatulia, mpigo ukarudi, mwili ukapata joto. Ndani ya nusu saa nyanya alikuwa amepokea painti sita, takriban lita tatu, na akaanza hata kutania, akidai anachohitaji ni usingizi kidogo tu.

Latta akaona mambo shwari. Akamwachia daktari wa hospitali, akaondoka. Haikuchukua muda, kutapika na kuhara kukarudi. Maji yote yakamtoka tena. Hakuna aliyemwongeza mengine, na hakuna aliyemwita Latta. Saa tano na nusu baadaye, nyanya akafariki.

Latta hakuficha hayo. Aliyaandika kwenye barua iliyochapishwa na jarida la Lancet Juni 1832, akisema anaamini nyanya angepona kama angeongezwa maji. Wagonjwa waliofuata aliwarudia tena na tena, na baadhi yao walipona. Yeye mwenyewe alikufa mwaka uliofuata kwa kifua kikuu, na mbinu yake ikawekwa kando kwa miaka mingi.

Sasa rudi huku kwetu. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za Nyanza zililaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu, na 547 wakafa. Kwa mtu aliyekauka hivyo, dripu ya haraka ndiyo uhai. Lakini haraka hiyo si ya kila mgonjwa. Utafiti wa FEAST uliotolewa 2011 ulihusu watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Hawa hawakuwa wa kuhara. Walikuwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa wengi kuliko wale ambao hawakumiminiwa. Maji ni yale yale, ila kila mwili una kipimo chake. Ndio maana kutundika mfuko na kwenda zako si matibabu.

Tena tuseme ukweli, usiku unaweza kukuta sista mmoja na wodi nzima. Kwa hivyo kama umekaa na mgonjwa wako, muulize maji yanafaa kwenda kwa kasi gani na atarudi kuyaangalia saa ngapi. Mwite mara moja ukiona mkono umevimba au unauma pale sindano ilipo, mgonjwa anatetemeka, anahema kwa shida, kuhara kumerudi, au mfuko unakaribia kuisha. Kile kigurudumu cha kuongeza kasi usikiguse, hata kama unataka mrudi nyumbani mapema. Na usiogope kuonekana msumbufu. Nyanya wa Leith alihitaji mtu mmoja tu wa kuita daktari.