Sayyid Barghash: Sultani Aliyebanwa Kati ya London na Berlin

Agosti 7, 1885, kikosi cha manowari za Ujerumani kilitia nanga mbele ya mji wa Zanzibar, mizinga ikiielekea kasri. Aliyetakiwa kujibu alikuwa Sayyid Barghash bin Said, aliyekuwa katika mwaka wa 15 tangu apokee kiti, ambaye bendera yake nyekundu ilipepea kutoka Ghuba ya Tungi, kusini mwa mto Ruvuma, hadi miji ya Benadir. Kabla ya mwezi huo kwisha, alikuwa amekwisha kujua thamani ya urafiki wa dola kubwa.

Alizaliwa yapata mwaka 1837, mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan. Baba yake alipofariki baharini mwaka 1856, Barghash alikuwa chomboni pamoja naye, na tangu siku hiyo hakuficha kwamba alikitaka kiti. Mwaka 1859 alimwasi ndugu yake Majid. Wanamaji wa Kiingereza walimsaidia Majid kuuzima uasi huo, naye Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay kwa takriban miaka 2. Huko aliuona mji wenye reli, viwanda na utawala wa Kiingereza uliojikita. Hapana shaka mengi aliyoyafanya baadaye yaliota mizizi huko.

Alitawazwa Oktoba 1870, baada ya kifo cha Majid. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuvunja merikebu zake, na mwaka uliofuata Uingereza ikamtaka afunge biashara ya watumwa. Alikataa kwanza. Alipotishiwa kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari, alitia saini mkataba wa Juni 5, 1873, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Tangu hapo alimtegemea zaidi Konseli wa Uingereza, John Kirk, kuliko ilivyofaa kwa mtawala mwenye majirani wengi. Alizuru London mwaka 1875, akaleta maji safi ya mfereji mjini, akanunua meli za moshi, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib.

Wakati huo mizani ya dunia ilikuwa inageuka. Ujerumani, iliyoungana mwaka 1871 tu, ilianza kutafuta makoloni. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters na wenzake walivuka kimyakimya kwenda bara, wakakusanya alama za mikono ya watawala wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami katika karatasi za lugha ambayo watawala hao hawakuijua. Februari 27, 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza aliziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Barghash alimpelekea Kaisari simu ya kupinga, akatuma na askari bara.

Sultani alitegemea kwamba Uingereza ingesimama upande wake. Lakini London ilikuwa na mashaka yake. Khartoum ilikuwa imeanguka mwezi Januari, Warusi walikuwa wakisogea kuelekea Afghanistan, na mambo ya Misri hayakuendeka bila ridhaa ya Bismarck. Katika hesabu hiyo Zanzibar ilikuwa kitu kidogo. Kirk, aliyemshauri Sultani kwa miaka mingi akabiliane na wageni wengine kwa msaada wa Waingereza, sasa aliagizwa amshauri akubali.

Wajerumani walikuja pia na Salme, dada yake Barghash, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Madai yake ya urithi yalikuwa kisingizio kizuri, kwani sasa alikuwa raia wa Ujerumani. Sultani alikataa kumwona. Katika suala la nchi za bara, hata hivyo, hakuwa na njia: aliukubali ulinzi wa Wajerumani juu yake.

Ikaundwa tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa kupima mipaka ya milki yake, na Herbert Kitchener akaiwakilisha Uingereza. Sultani mwenyewe hakuwa na kura ndani yake. Mapatano ya mwisho wa 1886 yalimwachia visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 hadi Kipini, na miji michache ya kaskazini. Bara iligawanywa kwa mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Victoria, uliopinda na kuuacha Mlima Kilimanjaro upande wa Wajerumani. Februari 1887 Wareno nao waliitwaa Tungi. Mwezi Mei mwaka huo Barghash aliikodishia kampuni ya Kiingereza ya William Mackinnon pwani ya kaskazini ya Umba kwa miaka 50.

Afya yake ilikuwa imeharibika. Alisafiri kwenda Oman kutafuta nafuu, akarejea, na Machi 1888 akafariki Zanzibar. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na Ujerumani ikanunua pwani yake kwa marki milioni 4. Ukanda wa upande wa Mombasa ulibaki kwa jina mali ya Sultani wa Zanzibar hadi mapatano ya Oktoba 1963, yaliyouunganisha na Kenya.