Ansel Adams na picha asiyoihesabu

Siku hizi mpiga picha wa Mji wa Kale au wa Lamu haishi kwa harusi na picha za pasipoti peke yake. Wako vijana wanaopiga majahazi, milango ya nakshi na wazee wa barazani, wakazisafisha kubwa kwenye karatasi nzuri na kuwauzia wageni na wenye mahoteli. Swali linalowagawanya ni hili: je, picha moja isafishwe nakala 20 tu, kila nakala iandikwe nambari yake kwa mkono, kisha basi? Au iuzwe kila anapokuja mteja? Kijana mmoja wa mtaani kwetu keshakata shauri. Atauza 20, halafu afute faili kwenye kompyuta ili mnunuzi awe na hakika. Mimi nimemwomba asubiri kidogo, na sababu yangu ni Mmarekani mmoja aliyefariki mwaka 1984.

Ansel Adams alizaliwa San Francisco mwaka 1902. Alipokuwa na miaka minne, mji ulipigwa na mtetemeko mkubwa wa ardhi, akarushwa ukutani, na pua yake ikabaki kombo mpaka siku ya kufa. Shuleni hakukaa; babake alimsomesha nyumbani. Alichokipenda ni piano, na kwa miaka mingi alijua hiyo ndiyo itakayomlisha. Lakini mwaka 1916 familia ilimpeleka bonde la Yosemite, lenye majabali na maporomoko ya maji, akapewa kamera ya Kodak ya kisanduku. Tangu hapo hakupitisha mwaka bila kurudi huko.

Piano hiyo tusiisahau, kwa sababu ndiyo iliyompa fikira yake kuu. Kwake negativu ilikuwa kama muziki ulioandikwa kwenye karatasi, na picha iliyosafishwa ni muziki huo unapopigwa. Mpigaji mmoja, muziki mmoja, lakini leo hivi na mwakani vingine.

Mtu aliyemfungulia mlango wa biashara ni Albert Bender, tajiri wa bima wa San Francisco. Alizitazama picha za milima za kijana huyu akapanga pale pale kuwa zifungwe kwenye mikoba, kila mkoba dola 50, naye mwenyewe akachukua ya kwanza kumi na kuwapigia simu rafiki zake. Mikoba hiyo ilitoka 1927. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba Adams hakujua kuuza kwa hesabu. Mkoba wake wa 1948 pia ulikuwa na idadi maalumu. Lakini picha yake moja moja hakuiwekea mpaka, hata ile kubwa kuliko zote.

Hiyo aliipiga mwishoni mwa 1941, katika kijiji cha Hernandez, New Mexico. Alikuwa akiendesha gari jioni akaona mwezi umechomoza juu ya milima, chini yake kanisa dogo na misalaba ya makaburini ikiwaka kwa jua la mwisho. Alisimamisha gari akateremka mbio. Kipimo cha mwanga hakikuonekana, vitu vimevurugika garini. Akakumbuka kiasi cha mwangaza wa mwezi, akapiga hesabu kichwani, akafyatua mara moja. Alipojiandaa kupiga ya pili, jua lilikwishaihama misalaba.

Negativu ile ilikuwa ngumu. Kila nakala alisimama katika chumba cha giza akiuzuia mwanga hapa kwa mkono na kuuongeza pale, na mwaka 1948 akaitia dawa negativu yenyewe ili sehemu ya chini ipate nguvu. Nakala za mwanzo zina anga la kijivu lenye mawingu. Za uzeeni zina anga jeusi tititi. Kwa jumla alisafisha takriban 1,300. Sasa niambie, katika hizo ipi ingekuwa ya 7 katika 50? Desturi ya nambari ilitoka kwa wachapaji wa michoro ya bamba la shaba, na huko ina maana, kwani bamba husagika na nakala ya mwisho haifanani na ya kwanza. Negativu haisagiki. Faili ndiyo kabisa.

Miaka ya 1970 wenye maduka ya sanaa wa New York walianza kuitaka picha kama wanavyotaka michoro, na pamoja na pesa zao wakaleta masharti yao. Mwaka 1974 Adams alitoa mkoba mwingine kwa mchapishaji wa huko, na safari hii alikubali negativu ziharibiwe. Alizipitisha kwenye mashine ya benki ya kubatilishia hundi. Alikuja kulijutia sana jambo hilo, na akaona si haki kumdai mpiga picha afanye hivyo. Hapa ndipo ninapotaka kijana wetu atulie: huyu alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, amezungukwa na wanasheria na wauzaji, na bado alitoboa kitu ambacho hakuna pesa ingekirudisha.

Njia aliyofuata baadaye naipenda zaidi. Alitangaza kwamba mwisho wa 1975 hatapokea tena oda za nakala. Zilimiminika oda za zaidi ya nakala 3,000, nyingi za wafanyabiashara, na ikamchukua miaka kuzimaliza. Lakini negativu zilibaki nzima. Alizipeleka kwenye kituo cha picha katika chuo kikuu cha Arizona, Tucson, alichosaidia kukianzisha, wanafunzi wazitazame na kujifunza.

Bei je? Mwaka 1981 nakala moja ya mwezi wa Hernandez iliuzwa dola 71,500, na mwaka 2006 nyingine ikafika dola 609,600. Picha isiyo na nambari, yenye ndugu zaidi ya elfu. Ni kweli, faida hiyo waliila waliouziana, si aliyesimama gizani. Na ni kweli pia kwamba Adams alikuwa na jina. Kijana wa Mji wa Kale hana, na mgeni anayetoa shilingi elfu ishirini ana haki ya kujua kama jirani yake atatundika ileile kwa elfu mbili. Kwa hilo sina ugomvi na nambari. Ukiandika 20, ziwe 20, na usije kesho na kipimo kikubwa kidogo ukaanza kuhesabu upya. Ugomvi wangu ni kufuta. Mnunuzi amenunua ahadi, na ahadi hukaa kwa mtu, haikai kwenye kompyuta. Mlango wa nyumba uliopigwa leo huenda mwakani umeng'olewa, na faili hiyo ndiyo itakayobaki kuwaonyesha wajukuu wa nyumba hiyo.

Kuna jambo lake moja wauzaji wakubwa hawalitaji sana. Mkewe, Virginia, alirithi duka la babake la picha mle bondeni Yosemite. Kuanzia 1958 pale ziliuzwa nakala ndogo za picha zake za Yosemite, zilizosafishwa na msaidizi kutoka negativu zenyewe, bila idadi, kwa bei ambayo mtalii wa kawaida aliimudu. Duka hilo lipo mpaka leo, na bado zinauzwa.