Charles Sumner na Barua za Wakati wa Vita

Habari za Abraham Lincoln, Rais wa Marekani, na za watumwa waliopata uhuru katika siku zake, tumezisikia mara nyingi. Leo twapenda kuwasimulia habari za mtu mwingine wa siku zile, ambaye kazi yake kubwa aliifanya kwa kalamu na karatasi.

Charles Sumner alizaliwa mjini Boston tarehe 6 Januari 1811. Alisoma sheria, na katika ujana wake alisafiri Ulaya, akakaa Uingereza miezi mingi, akapata rafiki huko. Mwaka 1851 aliingia katika Seneti, baraza la juu la Marekani, akaupinga utumwa waziwazi. Ulimi wake ulikuwa mkali, wala hatuufichi ukali huo. Mwezi wa Mei 1856 alitoa hotuba iliyomtukana mzee mmoja wa Kusini. Siku chache baadaye Preston Brooks, jamaa yake mzee huyo, alimwendea barazani alipokuwa ameketi akiandika, akampiga kichwani kwa fimbo hata akazimia. Ikapita miaka mitatu na zaidi kabla hajairudia kazi yake sawasawa.

Vita vya ndani vilipoanza mwaka 1861, Sumner alikuwa mkuu wa halmashauri ya Seneti iliyoangalia mambo ya nchi za nje. Siku zile hapakuwa na waya wa simu uliofanya kazi kuvuka bahari ya Atlantiki. Barua zilichukuliwa na meli, nazo zilikawia siku kumi au zaidi. Basi Sumner aliandikiana daima na John Bright na Richard Cobden, wajumbe wa Bunge la Uingereza waliouchukia utumwa kama yeye.

Mwezi wa Novemba 1861 manowari ya Marekani iliisimamisha meli ya Kiingereza, jina lake Trent, ikawakamata wajumbe wawili wa majimbo ya Kusini yaliyoasi. Watu wa Kaskazini walishangilia sana, lakini Uingereza ilikasirika, ikapeleka maelfu ya askari Kanada. Kama vita vingalitokea, Kusini ingalipata msaada, na watumwa wapata milioni 4 wangalibaki kifungoni.

Bright na Cobden hawakumbembeleza rafiki yao. Walimwonya kwamba afadhali kuwaachilia watu wale kuliko kupigana. Siku ya Krismasi Sumner aliitwa katika baraza la Lincoln, akawasomea mawaziri barua hizo. Kesho yake wakakata shauri kuwaachilia wafungwa, na hatari ikapita.

Sumner hakukoma kumsihi Rais awafungulie watumwa, na tarehe 1 Januari 1863 tangazo la uhuru likatolewa kwa watumwa wa majimbo yaliyoasi. Mwaka huo huo hotuba yake kali juu ya Uingereza iliwachukiza baadhi ya rafiki zake wa huko, lakini kuandikiana hakukukatika. Mwezi wa Desemba 1865 utumwa ukakomeshwa kwa sheria katika Marekani yote. Cobden hakuiona siku hiyo, maana alikufa mwezi wa Aprili. Sumner alikufa tarehe 11 Machi 1874, akiwa bado akidai haki sawa kwa watu weusi.

Sisi twaona kwamba barua zile zilikuwa na nguvu kwa kuwa waandishi wake walisema kweli isiyopendeza, na aliyezipokea hakuzificha. Rafiki wa namna hii ni akiba kubwa siku ya hatari.